Ufunguo wa Pili wa Sekela

Sogeeni karibu. Hadithi ya leo ina kichwa na kiwiliwili, lakini mkia haina. Mkia mtautia ninyi, na nawaonya mapema kwamba mtagombana. Nimeisimulia mbele ya wanafunzi, nimeisimulia mbele ya wazazi, na safari moja mbele ya walimu peke yao, na kila mahali watu waliondoka wakibishana hadi njiani. Mimi sina upande. Nitasema kilichotokea, basi.

Walikuwako wasichana wanne wa kijiji kimoja huko Rungwe, kwenye baridi, migomba na mashamba ya chai. Wote wanne walifaulu kidato cha nne, wote wakapangiwa shule moja ya bweni ya wasichana, na wote wakasoma kombi moja: Fizikia, Kemia na Baiolojia. Kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bupe. Huyu alijaliwa kueleza. Jambo likishamwingia yeye, alikuwa na namna ya kulimenya na kulikata vipande hadi mtu mzito kabisa akameza. Akiona hujaelewa hakasiriki. Anaanza upya, kwa mfano mwingine.

Wa pili ni Ikupa. Huyu alijaliwa kuuliza. Akipanda basi, kabla hajashuka ameshajua dereva kazaliwa wapi, konda kasomea nini, na kwa nini abiria wa kiti cha mbele amebeba kuku mmoja badala ya wawili. Wenzake walimwita mdaku. Hakujali, maana waliomwita mdaku ndio waliokuwa wa kwanza kuja kumwuliza habari.

Wa tatu ni Lugano. Huyu alijaliwa kusema kweli mbele ya mtu yeyote, na sina haja ya kuwaambia kwamba kipaji cha namna hiyo hakimletei mtu marafiki wengi. Mwalimu wa zamu akiuliza nani kavunja kioo, Lugano alijibu, hata kama aliyevunja ni Lugano mwenyewe.

Wa nne ni Sekela, na hadithi hii ni yake. Yeye alijaliwa mikono. Kandambili ikikatika bwenini, kiatu kikifumuka, bawaba ya sanduku ikilegea, anatafutwa Sekela. Alikuwa akiokota kipande cha mti na kuchonga kijiko au ng'ombe mdogo huku anaongea mambo mengine kabisa. Lakini hakuna aliyesema hicho ndicho kipaji chake. Kijiji kizima kilishaamua kwamba Sekela atakuwa daktari.

Hapa nieleze kidogo. Kijijini kwao, binti akichaguliwa kusoma kombi ile, watu hawasubiri. Anaitwa Dokta siku hiyohiyo. Kwa wale wengine watatu jina halikushika, lakini kwa Sekela lilishika kwelikweli. Aliitwa Dokta kabla hajawahi kuona hata chumba cha daktari kwa ndani. Mama yake naye akaitwa Mama Dokta, kanisani, sokoni, mpaka kwenye mashamba ya chai, na mama yule alilipenda jina hilo hadi ukimwita kwa lile la zamani haitiki. Msimcheke. Alikuwa mjane, na lilikuwa jina la kwanza zuri watu kumwita tangu azikwe mumewe.

Shuleni wasichana hao wanne walijisomea kwenye banda la kuni, nyuma ya jiko. Madarasa ya kule baridi yake inauma, na bandani joto la jiko lilikuwa linapenya ukutani. Mpishi aliwaruhusu kwa sharti kwamba wawe wanapanga kuni. Madaftari yao yalinuka moshi kiasi kwamba mwalimu wa Kemia aliweza kuyachomoa kwenye rundo bila kusoma majina. Ni humo bandani, mtihani wa mwisho ukiwa umekaribia, ndimo walimopeana ahadi. Aliyeanza ni Bupe.

"Tukubaliane," alisema. "Atakayevuka kwanza, akishapata pa kusimama, amvute mwenzake aliyemvusha."

"Akishindwa je?" akauliza Ikupa.

"Asishindwe. Hata kama ana chumba kimoja, wabanane humohumo."

"Na akisahau?"

"Nitakwenda kumkumbusha mimi," alisema Lugano. "Tena mbele za watu."

Wakacheka, wakapeana mikono juu ya gogo. Walidhani, kama vijana wanavyodhani, kwamba mtu huvushwa na mtu mmoja.

Sasa sikilizeni namna Sekela alivyovuka.

Kazi ya Bupe ndiyo ilitangulia. Muhula wa mwisho Sekela alikuwa anazama kwenye Fizikia. Fomula alizikariri, kesho yake zimekwenda. Bupe akamchukua kila jioni bandani, kabla ya kengele ya chakula. Mwanzoni alimfundisha kwa chaki kwenye ubao wa kuvunjika, na Sekela akawa anaitikia tu kwa adabu, hajui kitu. Kisha Bupe akagundua jambo ambalo walimu hawakuligundua, kwamba msichana yule anaelewa kwa mikono. Akaitupa chaki. Akampa kamba ashike na kuitikisa, ndiyo mawimbi. Akampa gogo refu na jiwe, aliinue, ndiyo wenzo. Akampa ndoo ya maji aizungushe juu ya kichwa, naye Sekela akalowa mara moja tu, mara ya pili hakulowa na akajua kwa nini.

Lakini saa zile zilikuwa saa za Bupe za kusoma Kemia. Lugano alimwambia wazi.

"Bupe, unaanguka Kemia kwa ajili ya mtu."

"Nitaisoma likizo."

"Likizo ipi? Tukitoka hapa ni mtihani."

Bupe akacheka, akamgeukia Sekela, akaendelea.

Matokeo yalipotoka, Sekela alikuwa amefaulu Fizikia kuliko alivyotarajia mtu. Baiolojia na Kemia zilikuwa za kawaida, za kuvuka tu, na udaktari ukaota mbawa. Bupe, aliyekuwa anahesabiwa na shule nzima kuwa atakwenda chuo kikuu, alianguka Kemia. Chuo kikuu hakikumpata. Na lazima mjue hili: bila ufaulu ule wa Fizikia, hakuna chuo ambacho kingemtazama Sekela kwa kile alichokuja kusomea.

Ya pili ni kazi ya Ikupa. Babu yake alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mguu wake ulikatwa chini ya goti. Baadaye akaitwa hospitali kubwa mjini kupimwa mguu wa bandia, na Ikupa akaenda naye kumshika mkono. Watu wengine waliosindikiza wagonjwa walikaa kwenye benchi wakisinzia. Ikupa alisimama mlangoni mwa karakana na kuanza maswali yake. Hii plasta ya nini? Hilo tanuri linalainisha plastiki gani? Mnajuaje kwamba kigutu hakitaumia? Na ninyi wenyewe mlisomea wapi? Fundi mmoja aliyechoka na kazi akaona heri amjibu kuliko kumfukuza. Akamwambia kwamba kuna chuo, kwamba wanataka mtu mwenye Fizikia nzuri, na kwamba siku ya usaili mwombaji hupewa kipande cha sabuni ya mche na kisu, akaambiwa achonge mguu wake mwenyewe. Wanataka kuiona mikono.

Ikupa alirudi kijijini na habari hiyo. Fizikia yake ilikuwa nzuri. Kazi yenyewe aliipenda tangu alipoona uso wa babu yake aliposimama wima. Angeweza kunyamaza. Mimi ningekuwa yeye labda ningenyamaza. Yeye alikwenda moja kwa moja kwa Sekela, akamkuta anashona kiatu cha mtu.

"Kuna chuo kinakutafuta, hakijui tu kwamba ni wewe," alimwambia.

"Wewe hukitaki?"

"Nakitaka. Tutakwenda wote."

Wakafanya mazoezi pamoja. Sabuni za kufulia zikawa zinayeyuka nyumbani kwa Mama Dokta pasipo nguo kufuliwa. Siku ya usaili ikafika, wakakaa meza moja, kila mtu na kipande chake. Mguu wa Ikupa ulitoka kama kiazi kikuu, ingawa maswali alijibu vizuri kuliko wote. Mguu wa Sekela ulitoka mguu, mpaka kidole cha mwisho kilichopinda. Sekela akachukuliwa. Ikupa akawekwa wa akiba, ikiwa na maana kwamba mmoja wa waliochaguliwa asipotokea, ataitwa yeye.

Hapo inaingia kazi ya Lugano. Sekela amepata chuo, lakini nyumbani hajasema neno. Mama yake alikuwa ameshatangaza kanisani kwamba Dokta atarudia mtihani. Alikuwa ameshaomba maombi maalumu. Kila Sekela alipofungua mdomo, mama alimwita Dokta, na mdomo ukajifunga. Siku ya kuripoti ikawa inakaribia. Ikupa, wa akiba, hakusema kitu. Angesemaje? Bupe alimweleza Sekela kwa mifano yake yote, Sekela akaelewa vizuri kabisa na bado hakwenda kumwambia mama yake.

Jumapili moja baada ya ibada, Lugano aliwakuta akina mama wamekaa nje ya kanisa wakipangiana zamu za usafi. Mama Dokta alikuwa katikati.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Lugano. Umemwacha wapi Dokta?"

"Mama, Sekela hatakuwa daktari."

Mama Dokta akamkazia macho.

"Wewe ndiye Baraza la Mitihani?"

"Hapana. Lakini matokeo uliyaona. Akirudia atakosa tena, maana Baiolojia haimwingii na yeye haitaki. Amepata chuo cha kutengeneza miguu ya bandia. Anatakiwa aripoti wiki hii. Anakuogopa."

"Ananiogopa mimi? Nimempiga lini?"

"Hakuogopi wewe, mama. Analiogopa hilo jina lako."

Mama yule alisimama, akakung'uta kitenge chake, akaondoka bila kuaga. Nyuma yake kuna aliyecheka, na huyo aliyecheka aliniudhi mimi pia niliposimuliwa.

Habari ikamfikia mjomba wake Sekela, ndugu wa huyo mama. Mjomba huyu alikuwa mkuu wa karakana ya malori yanayobeba majani ya chai. Alikuwa amemwahidi Lugano nafasi ya kujifunza ufundi wa malori, jambo ambalo hakuna gereji nyingine pale iliyokubali kumfanyia msichana. Lugano aliitaka nafasi ile tangu akiwa mtoto. Mjomba akamwita.

"Aliyemvua dada yangu nguo mbele za watu, simpi spana yangu," alisema. "Nenda."

"Nilisema uongo, mjomba?"

"Sijasema ulisema uongo. Nimesema nenda."

Nyumbani kwao Sekela siku kadhaa zilipita. Mama na mtoto walipishana mlangoni wakiwa hawatazamani. Kisha asubuhi moja Sekela aliamka akasikia vishindo, akamkuta mama yake amelishusha sanduku la bati na anapanga nguo zake ndani, moja moja, anazikunja upya hata zilizokuwa zimekunjwa. Mama hakuomba radhi, naye Sekela hakuomba. Walilia wote wawili, wakanywa chai. Ng'ombe mmoja akauzwa, na Sekela akaripoti chuoni.

Kwa hiyo nafasi ya akiba haikumfikia Ikupa. Hakukosekana mtu.

Sekela alisoma akamaliza, akaajiriwa kwenye karakana ya hospitali katika mji wa mbali. Sitayasimulia yote aliyoyafanya huko. Nitasema tu kwamba mguu wa kwanza aliopewa kuutengeneza peke yake ulikuwa wa mama muuza vitunguu, na mama yule alipotembea mpaka ukutani na kurudi, Sekela alilazimika kutoka nje kidogo. Hata babu yake Ikupa, mguu wake wa zamani ulipochakaa, alipelekwa kwake, akampimia mpya, akaurekebisha mpaka babu akasema sasa anaweza kwenda kuangalia ng'ombe wake. Kijijini watu hawakukaa muda mrefu bila kuzua jina. Wakamwita mama yake Mama Miguu. Mwanzoni ilikuwa kumtania. Siku hizi anaitika, tena kwa sauti.

Sekela alipanga chumba kimoja, kinachoingia vitanda viwili kwa kubanana. Mshahara wake ungemlisha na kumsomesha mtu mmoja. Alipiga hesabu kila upande, jibu likabaki mtu mmoja. Akachongesha ufunguo wa pili wa kufuli yake, akaufunga uzi mwekundu, akapanda basi kwenda nyumbani. Njia nzima aliushika, akijiambia kwamba kabla hajashuka atakuwa ameamua. Akashuka hajaamua.

Wenzake watatu walikuja nyumbani kwa Mama Miguu Jumamosi mchana. Bupe alikuwa anafundisha twisheni kwa watoto wa jirani chini ya kibanda, hana cheti chochote, na watoto aliowafundisha walikuwa wanawaacha wenzao mbali. Alitaka kurudia Kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha aende chuo kikuu awe mwalimu wa Fizikia. Njia yake ndiyo ndefu kuliko zote. Ikupa alikuwa anachuma chai, na alitaka kilekile alichosomea Sekela. Njia yake ni ya kati. Lugano alikuwa kwenye gereji ya pikipiki, ambako walimpa kuosha, spana hawampi. Alitaka chuo cha ufundi stadi, magari makubwa. Njia yake ni fupi. Walikula ndizi, wakanywa chai, wakazungumza habari zote isipokuwa hiyo. Mwishowe Sekela akaweka ufunguo mezani.

"Ahadi ilisema nimvute aliyenivusha," alisema. "Nimewaza mpaka nimeumwa kichwa. Mmenivusha watatu, na ufunguo ni mmoja. Semeni ninyi."

Walitazamana. Bupe akaanza, kama kawaida yake.

"Niseme ukweli, nataka kwenda. Kila mwaka unaopita, Kemia inanitoka kidogokidogo, nikifika mbele nitakuwa nimesahau hata nilichokuwa nakijua. Lakini ukiniambia nieleze ni nani anastahili, nitakueleza." Akaeleza. Alieleza haki ya Ikupa hadi Mama Miguu akaitikia kwa kichwa na kusema ni kweli, ni Ikupa. Akaeleza haki ya Lugano, Mama Miguu akasema jamani, kumbe ni Lugano. Haki yake mwenyewe aliieleza mwisho, kwa sentensi mbili tu. "Ulipokuwa hujui, nilikaa na wewe. Nilichopoteza kilikuwa hicho nilichokuwa nakupa."

Ikupa hakutoa maelezo. Aliuliza.

"Sekela, siku ile nilipokuja ukiwa unashona kiatu. Kama ningenyamaza, leo ufunguo huo ungekuwa mkononi mwa nani?"

Sekela aliutazama ufunguo.

"Na wiki ile ulipokuwa unamwogopa mama, nikiwa wa akiba, ni nani aliyekuwa anafaidika wewe ukikaa kimya? Nilikuja kukwambia ubaki nyumbani?"

"Hukuja," alisema Sekela.

"Basi. Nimemaliza kuuliza."

"Lakini wewe umelipwa kwa mguu wa babu yako," Lugano alidakia. "Mguu mzuri. Na hilo lisemwe."

"Mguu ni wa babu," alijibu Ikupa kwa hasira. "Mimi natembea kwa miguu yangu kwenda kuchuma chai."

Ikawa zamu ya Lugano, na wote walijua kwamba atasema bila kupunguza.

"Bupe alikupa Fizikia. Ikupa akakupa chuo. Vyote hivyo ulikuwa navyo, na bado ulikuwa umekaa jikoni unaogopa kuitwa Dokta. Nisingekwenda kule kanisani ungekuwa unarudia mtihani mpaka leo. Nilipoteza spana ya mjomba wako kwa kusema maneno uliyotakiwa kuyasema wewe." Akavuta pumzi. "Tena kozi yangu ni fupi. Nikienda mimi, nitamaliza mapema kuliko hawa, nitapata kazi, nitamvuta mwingine. Hapo hesabu inanipendelea mimi."

"Kumbe!" alisema Mama Miguu. "Si ndiyo jibu hilo?"

"Subiri, mama, sijamaliza. Nitamvuta mwingine, hivyo ndivyo ninavyosema leo nikiwa sina kitu. Nikishapata, sijui kama nitakuwa mtu yuleyule. Sitaki kuchukua ufunguo kwa ahadi ambayo sina uhakika nayo. Nimesema."

Bupe akaanza kulia, kisha akajicheka kwa kulia. Ikupa aliangalia mlango. Mama Miguu alinyanyua mkono kama anayetaka kumtaja mtu, akaushusha.

"Nilitaka kusema jina," alimwambia mwanawe, "nikaona nitamkosea huyu. Nikataka kusema jina jingine, nikaona nitamkosea yule. Na wewe Lugano, kwa vile tuko hapa, sikuwahi kukwambia. Ile Jumapili ulinikata moyo kwelikweli. Na ulinisaidia. Ila mwanangu, ufunguo si wangu."

Basi, usafiri wa kurudi ulikuwa kesho yake asubuhi. Sekela akauchukua ufunguo mezani, akatoka nao uani, wenzake wakamfuata.

Aliyeupokea namjua, na siwaambii. Nitawaambia waliyosema wengine kabla yenu. Wazazi wengi humpa Bupe, wanasema aliyekufundisha ndiye mzazi wako wa pili, na njia ndefu inataka ianzwe mapema. Baba mmoja hata hivyo alisimama akasema Bupe alifanya kwa hiari, hakuna aliyemtuma aache Kemia yake, na wanawake waliokuwa hapo wakamzomea. Wanafunzi wengi humpa Ikupa, maana yeye aliona mlango mmoja akampisha mwenzake mbele. Wengine hukataa, husema walishindana meza moja kwa sabuni moja, na aliyeshindwa kwa haki hadai. Wanaopenda mahesabu humpa Lugano, kwa ile njia yake fupi, halafu wanakumbuka alichosema mwenyewe, wanaanza kukuna vichwa. Na kuna binti mmoja wa kidato cha sita, alikaa nyuma hajasema kitu muda wote, akauliza kwa nini Sekela asiuvunje ufunguo awatafutie wote kitu kidogo kidogo. Nikamwuliza, theluthi ya ada inamfikisha mtu chuo gani? Akakaa.

Sasa ni zamu yenu, na hasa wewe uliyekuwa unachekacheka hapo mbele, wewe ambaye mwakani utakuwa umemaliza shule na hujui nani atakuvusha, wala utamvuta nani. Sekela amesimama uani kwa mama yake. Mkono wake umenyooka, uzi mwekundu unaning'inia kati ya vidole. Bupe, Ikupa na Lugano wako mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyenyoosha mkono kupokea, ingawa kila mmoja anautaka. Chai bado ipo kwenye birika, na wataimaliza pamoja, atakayekwenda na watakaobaki.

Ungekuwa wewe ndiye Sekela, ufunguo huo ungeuweka kwenye kiganja cha nani? Na wale wawili wengine, ukiwamiminia chai, ungewaambia nini?